Sauti Ndani ya Pedali

Jumapili, 14 Julai 2024

Nimeipata pedali! Mama mdogo Ruthu amenikabidhi leo baada ya ibada, imefungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Ni ile ya marehemu baba mdogo Gideoni, aliyokuwa akiikanyaga enzi za bendi, mimi sijazaliwa. Duara, chuma kitupu, nzito. Rangi imechubuka pale kiatu kilipokuwa kinatua. Vitufe viwili tu vya kuzungusha, kama macho. Mama mdogo anasema alishachoka kuiona kabatini. Inamtazama, anasema.

Nimefika nyumbani Zuzu mbio. Betri mpya, waya, gitaa, amplifaya. Nikakanyaga.

Jamani! Gitaa langu ni la kwaya, lina sauti safi, yenye adabu. Leo limepasuka. Limetoka nene, linakwaruza, linanguruma hata baada ya kidole kuachia. Wanaita fazi. Nimepiga noti moja nikakaa kuisikiliza mpaka ikafa yenyewe. Kisha nikapiga nyingine.

Jumanne, 16 Julai

Nimegundua kitu. Pedali hii haipendi joto. Jana nilipotoka kazini, bati bado la moto, ilikuwa inakohoa tu, sauti inakatikakatika. Leo alfajiri, baridi ya Julai, upepo unavuma mpaka bati linapiga kelele — ikaimba kama malaika mwenye mafua! Nimesoma kwenye simu: zile transista za zamani ndivyo zilivyo, zikipata joto zinalegea. Basi nitakuwa napiga asubuhi kabla ya kazi, nikiwa na sweta.

Kazini Nasra kaniletea riwaya. Nasra ni mwenzangu wa masijala, Mrangi wa Kondoa, mtu wa vitabu. Kitabu hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeng'oka, hatujui jina lake wala la mwandishi. Kasema nisome nikiwa nimeshiba.

Alhamisi, 18 Julai

Nimesoma nusu. Nchi ambayo mvua imekoma — mwandishi hasemi kwa nini. Mwanamke mmoja amebaki kwenye stesheni ya reli iliyokufa, analinda tangi la maji. Watu wanatokea kwenye vumbi, mmoja mmoja. Kila anayekuja anapewa kijiko cha maji. Kisha nusu kijiko. Kisha anaulizwa kwanza amebakiwa na nini cha kuishi nacho.

Hakuna mtu anayelia humo. Sentensi kavu, fupi. Mwandishi anaeleza mtu anavyolamba umande kwenye reli asubuhi, basi, anakwenda sentensi inayofuata. Nimeinua macho dirishani: vumbi, miiba, reli yetu, mbuzi wa mtu. Nikafunga kitabu nikaenda kuangalia kama ndoo zimejaa.

Jumamosi, 20 Julai

Mazoezi ya kwaya. Nimekwenda na pedali. Mwalimu Yotham kaisikia mara moja tu akanyoosha mkono. Kasema dada Erica, hii ni nyumba ya Mungu, hiyo spika yako imetoboka, katengeneze. Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa iwe. Akacheka akidhani natania.

Lakini bibi alikuwa na ilimba, kinanda cha kupiga kwa vidole gumba, na ile ilimba ilizibwa vitundu kwa utando wa buibui makusudi, ili ivume. Kila sauti ilitoka na nyuki wake. Sisi Wagogo ndiyo masikio yetu hayo. Baba mdogo alijua, ndiyo maana aliipenda hii. Sikumwambia Yotham. Nimerudi nyumbani na ngoma yangu ya nyuki.

Jumatatu, 22 Julai

Jambo la ajabu leo.

Alfajiri. Nimewasha amplifaya, nimekanyaga pedali, gitaa bado liko ukutani, waya uko mkononi mwangu. Kwenye spika pakatoka sauti ya mtu.

Mwanaume, mzee. Anaongea polepole, lugha siijui. Anasema, ananyamaza. Anasema tena. Kama mtu anayezungumza na mwenzake, ila mwenzake hasikiki. Nikanyanyua mguu, nikakanyaga tena kuzima — kimya. Nikawasha — yupo. Wakati mmoja alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejibiwa.

Kisha ikatoweka, nikasikia upepo tu.

Jumatano, 24 Julai

Amerudi. Jana pia alikuwepo.

Mtandaoni wanasema ni kawaida, pedali za aina hii hunasa redio. Sawa. Lakini hii si redio. Hakuna muziki, hakuna taarifa ya habari, hakuna tangazo. Ni mzee mmoja tu na ukimya wake. Na sauti imechoka kuliko juzi. Leo alikuwa anapumzika katikati ya maneno.

Nimezungukia nyuma ya nyumba kuangalia nguzo za umeme. Hakuna kitu. Kuna ule waya mrefu tu unaopita juu ya ukuta kutoka nyumba ya nyuma, umefungwa kwenye mkwaju. Nimeanikia shuka huko tangu nimehamia hapa.

Ijumaa, 26 Julai

Ameomba kitu. Siijui lugha lakini kuomba nakujua.

Jumamosi, 27 Julai

Nimemaliza kitabu. Nimekasirika!

Ukurasa wa mwisho kuna mtu amefika mlangoni pa chumba cha tangi. Anagusa mlango kwa kiganja, hana nguvu ya kugonga. Mwanamke anakaa upande wa ndani, anasikia kile kiganja kikiteleza chini kwenye mbao. Hafungui. Asubuhi anapima maji. Basi! Kimeisha hapo.

Nasra amekuja mchana, tumekaa barazani tunabishana mpaka chai imepoa. Yeye anakipenda hasa kwa sababu hiyo. Anasema mwandishi angemfungulia yule mtu, sisi tungelala vizuri na kitabu tungekisahau. Nikamwambia mimi sikusoma kurasa zote zile ili nikae na yule mwanamke kwenye giza. Akasema, si ndiyo umekaa naye sasa hivi?

Ndipo nikamweleza habari za sauti. Sikutaka, maana najua inavyosikika: mtu anasoma kitabu kama kile halafu anaanza kusikia watu kwenye spika. Nasra hakucheka. Kasema leo halali kwake Area C, analala kwangu, asubuhi asikie mwenyewe.

Jumapili, 28 Julai

Sijaenda ibada. Niandike yote kabla hayajachanganyika.

Nasra alimaliza kuswali, akajifunika kanga, akakaa chini karibu na spika. Nikakanyaga. Mzee alikuwa anaongea tayari, kwa chini sana. Nikaona uso wa Nasra unabadilika.

"Kirangi," akasema. "Erica, huyu anaongea Kirangi."

Nikamuuliza anasema nini. Akaniwekea kidole mdomoni. Akawa ananitafsiria kwa kunong'ona, akifuata ile sauti.

Kwamba mlango haufunguki, ameuegemea tangu alipoanguka. Kwamba mguu hausikii tena, na ni afadhali. Kwamba unga ule mkavu unamkaba. Kisha kimya. Kisha akamjibu mtu: hapana, sijalia. Kisha kimya kirefu. Upepo. Nasra amefumba macho.

Kisha mzee akasema jambo, na Nasra akafumbua macho akaniangalia mimi.

"Anasema... 'Unasema yule jirani wa gitaa ananisikia? Mwanamke? Haya. Nimwambie nini?'"

Nasra akashika mkono wangu, wa kwake baridi kama bomba. Mzee akanyamaza, anasikiliza. Akaitikia, kama mtu anayepewa maagizo. Halafu akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anasoma:

"Mama. Fuata waya."

Tukatoka mbio, mimi miguu mitupu. Waya! Kutoka mkwaju, juu ya ukuta, hadi paa la nyumba ya nyuma. Nyumba ya mzee Hassani. Ninamjua kwa kofia tu — alikuwa anapita jioni, ananiitikia marahaba, anaendelea na njia yake. Nilijua kuna kijana anamhudumia. Nilidhani amesafiri. Geti lina kufuli kwa nje.

Tumemwita mzee Mazengo, balozi wetu. Nasra akamwamkia, "Shikamoo mzee, kuna mtu humu anakufa." Hakuuliza tumejuaje. Kufuli likavunjwa kwa nyundo. Dirisha la chumba likang'olewa, maana mlango kweli haukufunguka — yeye mwenyewe alikuwa ameuziba kwa mwili wake.

Alikuwa sakafuni. Mdogo, kama nguo iliyodondoka. Nyonga imevunjika. Kando yake mfuko wa unga na kijiko, dumu limelazwa ili maji yamfikie mdomoni. Na mkononi ameshika maiki ya radio call — ile mitambo mikubwa ya zamani ya ofisi za wilaya, inatumia betri ya gari na sola, na ule waya wa mkwaju ndio antena yake. Taa yake nyekundu inawaka. Simu yake imevunjika chini ya ubavu.

Harufu siandiki.

Nasra alipiga magoti akamsalimia kwa Kirangi. Mzee alimtazama, kisha akanitazama mimi dirishani, hakushangaa hata kidogo.

Jumatatu, 29 Julai

Tumekwenda kumwona hospitali baada ya kazi. Wamempa maji ya dripu, anaongea. Nikamwambia shikamoo baba, pole. Akasema marahaba mwanangu, kisha: "Mama watoto aliniambia uko njiani. Akasema unaamka mapema, kwa ajili ya ile ngoma yako ya nyuki."

Ngoma ya nyuki. Mimi sijamwambia mtu yeyote ninavyoiita.

Ametueleza. Alikuwa fundi wa mitambo ya simu za upepo, kazi za barabara, huku na huku. Mkewe, bi Sikudhani, alibaki kijijini Kolo na watoto na mashamba. Alimfungia mtambo mmoja nyumbani, mmoja akawa nao yeye. Maisha yao yote wameongea alfajiri, mawimbi yakiwa safi. Hata simu za mkononi zilipokuja hawakuiacha mitambo yao. Anasema kwenye simu mtu anadanganya kirahisi.

"Wa kwake uliharibika baada ya Idi," akasema. "Watoto waliniambia. Nikawa nawasha tu asubuhi, nasikiliza mvumo. Siku niliyoanguka ndiyo ukapona. Alianza yeye kuita."

Anataka tumwambie Sikudhani yuko salama. Nasra kamwahidi.

Jumanne, 30 Julai

Sijapiga gitaa. Nimeifunika pedali na kitenge. Asubuhi nilisimama mbele yake nikiwa nimeshavaa sweta, nikaenda kazini mapema.

Jumatano, 31 Julai

Mtoto wa mzee Hassani amefika kutoka Singida, anaitwa Khalidi. Mtu mzima, mpole, macho mekundu. Alikuwa akipiga simu haipatikani, yule kijana wa kazi akamdanganya kwa ujumbe kwamba mzee hajambo, kumbe alishatoroka. Ametushukuru mpaka tumeona haya.

Nasra akamwambia, kaka Khalidi, tunaomba namba ya mama, mzee anataka ajue yuko salama.

Khalidi akatazama kule wodini. Akatuvuta hadi nje, penye mabomba.

Mama yake amefariki. Baada ya Idi, mwezi wa nne. Walimzika Kolo. Mzee moyo wake ni dhaifu, daktari aliwatisha, basi wakakubaliana wasimwambie kwanza. Wakasema mtambo umeharibika. Wakasema simu ya mama imeibiwa. Kila wiki wakaongeza kidogo. Anasema mwanzoni ilikuwa ya siku chache tu, wamwandae, halafu hakuna aliyeweza.

Nasra akaanza kulia. Mimi nikauliza kitu cha kijinga: na mtambo wenyewe uko wapi?

Akampigia dada yake hapo hapo, akaweka spika. Naima, yuko Kondoa mjini. Kasema mtambo wa mama aliuuza kwa watu wa vyuma chakavu, walikuja na mkokoteni, wakaugonga kwa nyundo palepale ili uingie kwenye gunia. Nyumba ya Kolo imefungwa, ufunguo anao. Mbona mnauliza?

Khalidi akasema basi tu, akakata.

Alhamisi, 1 Agosti

Nasra anasema labda ni njaa na kiu, mtu akikaa hivyo anasikia watu. Nikasema sawa. Tumekula chipsi. Halafu yeye mwenyewe akasema: lakini njaa haiwezi kumwambia kwamba wewe unamsikia, Erica. Ukuta ule, upepo ule, mzee wa sakafuni. Nani alimwambia kuna jirani anasikia?

Nilichosikia mimi kwenye pedali ni upande wa mzee tu. Mtambo wake uko karibu, unaingia kwenye waya zangu, hilo linaelezeka. Ila nimekumbuka zile nafasi za kimya. Urefu wake. Hazikuwa sawasawa. Nyingine fupi, nyingine ndefu, na mara mbili tatu mzee alianza kusema akakatizwa.

Jioni nimepita hospitali peke yangu. Aliniuliza napiga gitaa la namna gani. Nikamweleza pedali, baba mdogo, transista za zamani zinazopenda baridi. Alifurahi! Anazijua, alizitengeneza. Kasema ukizigusa na solda kwa papara zinakufa, lazima uzishike mguu kwa koleo zipate pa kumwagia joto. Tumeongea kama mafundi wawili. Kisha akaishiwa pumzi. Akaniuliza kama mama watoto ameambiwa.

Nikamwambia tunashughulikia, baba. Nami nimeingia kwenye uongo wao.

Ijumaa, 2 Agosti

Mzee Hassani amefariki leo alasiri. Moyo. Khalidi alikuwa naye. Hawakumwambia.

Wanampeleka Kolo kesho asubuhi, azikwe mchana pembeni ya mkewe. Nasra anakwenda nao, ni kwao. Kaniomba niende. Nitakwenda. Nimeomba ruhusa ofisini.

Jumamosi, 3 Agosti

Bado giza giza, kunaanza kupambazuka. Naandika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katika chumba cha mzee. Gari la kwenda Kolo liko nje, dereva anafuta vumbi kiooni. Khalidi aliingia kuchukua vitambulisho vya baba yake. Alikawia. Nasra akamfuata, mimi nikamfuata Nasra.

Tumemkuta amesimama mbele ya mtambo. Nasra alishamweleza tuliyoyasikia; anasema anataka kuuwasha. Mara moja tu, asikie mwenyewe kwamba ni mvumo, ili huko Kolo amzike baba yake akiwa na akili timamu. Nasra akasema kaka, acha. Akawasha.

Taa nyekundu. Mvumo. Kama mchanga unamwagwa juu ya bati. Tukasikiliza. Dereva akapiga honi kidogo, hakuna aliyetoka. Khalidi akapumua, nikaona mabega yanashuka, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mmeona." Akapeleka mkono kuzima.

Mvumo ukakatika. Mtu amebonyeza kitufe upande ule.

Mwanamke. Karibu sana, kama yuko uani. Amesema maneno machache kwa Kirangi, bila haraka, sauti ya mtu aliyeamka zamani na ameshawasha moto. Kisha akaachia. Mvumo ukarudi.

Nimechukua daftari kwa sababu lazima mikono ifanye kitu.

Khalidi amekaa chini, palepale alipokuwa amelala baba yake. Hajasema ni nani. Nasra analia bila sauti. Nimemuuliza mwanamke amesema nini. Ameinama akaninong'oneza sikioni: anauliza mbona leo mzee amechelewa.

Yule mwanamke amebonyeza tena sasa hivi. Hasemi. Anangoja. Khalidi ameinua maiki, ameisogeza mdomoni, kidole gumba kiko juu ya kitufe. Anamtazama Nasra, ananitazama mimi, kama sisi ndio tunaojua habari kama hii inaanziwa wapi.